Programu zinakufa, mafaili yanabaki yatima

Leo sina habari za foleni ya kantini wala za bumu kuchelewa. Leo naleta historia, ila si ya Maji Maji wala ya Mkutano wa Berlin. Ni historia ya programu hizi tunazochapia kazi za darasani na kupigia hesabu za michango.

Kisa chenyewe ni hiki. Chama chetu kidogo cha wanafunzi tunaotoka wilaya moja kimepata laptopu, mtumba lakini nzima. Kikao cha kwanza kikaishia kwenye ubishi: tuweke programu gani ya ofisi? Mweka hazina anataka ile aliyoizoea. Katibu anasema yupo fundi wa steshenari nje ya geti, anaichakachua kwa hela ya chipsi mayai. Mwingine akasema tuweke kila kitu Google, yaishe. Nilipotaka kusema nikaulizwa: "Wewe mtu wa Historia na Kiswahili, kompyuta inakuhusu nini?" Nikawaahidi kuwajibu kwa maandishi. Jibu ndiyo hili.

Sisi wa historia, toka mwaka wa kwanza tunafundishwa kuuliza: chanzo kiko wapi, na je, kinasomeka? Pale Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, yamo mafaili ya serikali ya Wajerumani, yaliyoandikwa kabla utawala wao haujang'olewa katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Yana miaka zaidi ya 100. Ukijua Kijerumani, ukajifunza na ile miandiko yao ya mkono, unasoma. Hakuna anayekudai leseni ndipo ufungue jalada.

Sasa chukua faili la kompyuta la mwaka 1990. Hapo ndipo utamu, au uchungu, unapoanzia.

Mwaka 1978 ilitoka programu ya kuchapa iitwayo WordStar. Ilivuma kwelikweli. Mwaka uliofuata Dan Bricklin na Bob Frankston wa Marekani wakatoa VisiCalc kwa kompyuta za Apple II. Hiyo ndiyo lahajedwali ya kwanza kuvuma kwenye kompyuta ndogo: unabadili namba moja, jumla zote zinajirekebisha zenyewe. Wahasibu walinunua kompyuta ili tu waipate VisiCalc. Je, ilidumu? Wapi! Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3 ikaipiga kumbo. Upande wa kuchapa nako, WordStar ikapigwa na WordPerfect. Halafu Windows iliposhika kasi miaka ya 1990, Word na Excel za Microsoft zikawapita wote.

Lotus ilinunuliwa na IBM mwaka 1995. Mwaka 2014 IBM ikaacha kabisa kuihudumia 1-2-3. Kabla ya hapo, Excel ya mwaka 2007 ilikuwa imeshaacha kufungua mafaili ya Lotus. Fikiria chama kilichotunza hesabu zake humo tangu 1985. Hakikuunguliwa na ofisi wala hakikuibiwa. Mafaili yapo, diski ipo, ila mlango umehamishwa.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu faili la kompyuta si kama karatasi. Kila programu ina namna yake ya kupanga maandishi, namba, mistari na rangi ndani ya faili. Namna hiyo ndiyo inaitwa muundo, mafundi wanasema fomati. Kwa miaka mingi muundo ulikuwa siri ya kampuni, kama mganga na dawa yake. Wewe umeandika maneno yako, jasho lako, lakini ufunguo wa kuyasoma anao mwingine. Hata Microsoft walichapisha maelezo ya miundo yao ya zamani, .doc na .xls, kwa kila mtu mwaka 2008, wakati Word ipo tangu 1983.

Sasa twende Ujerumani. Mwaka 1985 kijana mmoja wa huko, Marco Börries, alianzisha kampuni yake, Star Division, mjini Lüneburg. Alikuwa na umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne wa kwetu. Programu yao ya ofisi ikaja kujulikana kwa jina la StarOffice. Mwaka 1999 kampuni hiyo ikanunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani. Sababu yenyewe inachekesha. Simon Phipps, aliyekuwa ofisa wa Sun, alieleza baadaye kwamba wao walikuwa na wafanyakazi wapatao 42,000, na kununua kampuni nzima kulikuwa rahisi kuliko kumlipia kila mmoja leseni ya Microsoft! Kwa hiyo mkiona leseni ghali msijione maskini. Hata matajiri walipiga hesabu.

Mwaka 2000 Sun wakaumwaga hadharani msimbo wa programu ile. Ikawa programu huria, OpenOffice.org: yeyote aisome, aibadili, aigawe. Mwaka 2005 ukapitishwa na muundo wa wazi wa mafaili, uitwao ODF, ambao maelezo yake yote yamechapishwa na haumilikiwi na kampuni moja. Mwaka 2006 shirika la viwango la kimataifa, ISO, likaupa cheti. Ndiyo yale mafaili yenye mkia wa .odt kwa maandishi na .ods kwa hesabu.

Na hapa hadithi inapanda hadi kwetu Mlimani. Mwaka 2004, watu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kwa fedha za shirika la misaada la Sweden, Sida, waliitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili. Mradi uliitwa Kilinux, na programu ikaitwa Jambo OpenOffice. Ikatoka Desemba mwaka huo huo. Hawakuhitaji kumpigia mtu magoti California. Msimbo ulikuwa wazi, leseni inaruhusu, wakakaa chini wakatafuta maneno ya Kiswahili ya menyu nzima. Sisi wa Kiswahili tunapenda kulalamika kwamba lugha yetu haina istilahi. Wale walizitunga na kuziweka kazini. Toleo lile limeshapitwa na wakati, lakini funzo halijapitwa: kilicho wazi unaweza kukifanya chako.

Halafu likaja jaribio lenyewe. Januari 2010 Sun ikamezwa na Oracle. Wengi waliokuwa wakiijenga OpenOffice wakaingiwa na wasiwasi, na Septemba mwaka huo wakajitenga. Walichukua msimbo wakaanzisha taasisi yao, The Document Foundation, na programu wakaiita LibreOffice. Oracle mwaka 2011 ikaikabidhi OpenOffice kwa taasisi ya Apache na kunawa mikono.

Angalia tofauti sasa. Lotus ilipokufa, mafaili yake yakabaki yatima. Mwenye OpenOffice alipouzwa, wenye mafaili hawakulala njaa hata siku moja. Walifungua LibreOffice, faili likafunguka. Tena LibreOffice inajitahidi kufungua hata mafaili ya WordPerfect na ya Lotus 1-2-3. Yatima wa jirani nao wamepata mlezi!

Kwa hiyo, wanachama wenzangu, tumekuwa tukibishana swali la pili kabla ya la kwanza. Swali la kwanza ni hili: baada ya miaka kumi, katibu ambaye leo yuko darasa la nne atafunguaje katiba yetu na daftari la michango?

Ushauri wangu ni huu, na unafaa hata SACCOS ya mama yako au kwaya ya mtaani.

Moja, tuweke LibreOffice. Ni dezo, ni halali, na ikishapakuliwa mara moja haihitaji bando. Kazi za chama tuzihifadhi kwa .odt na .ods.

Mbili, anayetaka kutumia Word na Excel halali, atumie. Mafaili ya .docx na .xlsx siyo fumbo kama ya zamani, maana muundo huo nao ulipewa cheti cha ISO mwaka 2008. Ila msishangae jedwali lenye mbwembwe likihama likifunguliwa upande wa pili. Tuandike nyaraka zetu kwa mpangilio mwepesi.

Tatu, kila mwisho wa muhula, mihtasari iliyosainiwa na katiba zitolewe kwa PDF, na daftari la michango litolewe pia kwa CSV. CSV ni maneno na namba tupu zilizotenganishwa kwa mkato, haina urembo wowote. Hata programu ya kuandikia maandishi matupu inaisoma.

Nne, Google ni nzuri kwa kuandika pamoja, lakini isiwe ghala pekee. Akaunti ikifunguliwa kwa jina la katibu, katibu akahitimu, ufunguo anaondoka nao. Akaunti iwe ya chama, na nakala zipakuliwe. Nakala ziwe tatu: laptopu, diski ya nje, na mtandaoni. Flashi inayozunguka kwa kila steshenari siyo nakala, ni basi la virusi.

Tano, tuachane na fundi wa kuchakachua. Hujui kaingiza nini humo pamoja na programu, na namba za simu za wanachama zote ziko ndani. Hata matoleo halali yana mwisho: Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya viraka vya usalama kwa Windows 10, na siku hiyo hiyo kwa Office 2016 na 2019. Laptopu ya mtumba ikikataa Windows 11, Linux inaingia, na LibreOffice inakwenda humo vizuri tu.

Najua mtasema chama chenyewe kina watu 30 na kitabu cha risiti, historia gani hiyo? Jamani, nani aliwaambia historia inaandikwa na wakubwa tu? Karani wa Kijerumani aliyeorodhesha kodi za vibanda hakujua kama tungekuja kumsoma darasani. Nani alichanga mwenzetu alipofiwa, nani alikopeshwa ada akarudisha, hayo ndiyo maisha yetu hapa Mlimani. Yaandikwe mahali ambapo mlango hautahamishwa.

Kikao Jumamosi. Mweka hazina, njoo na flashi, LibreOffice ninayo tayari.