Kochi la Vipande Vilinganifu

Neno sofa, ambalo wengi hudhani limeletwa na Wazungu pamoja na kitu chenyewe, asili yake ni Kiarabu: suffa, mahali pa kukalia penye kivuli; na msomaji aliyesoma sira ya Mtume atawakumbuka Ahlu Suffa, masahaba mafukara waliokuwa wakikaa chini ya paa la kivuli katika msikiti wa Madina. Kutoka huko neno likapita kwa Waturuki, likaingia Ulaya, kisha likaturudia limekwisha kuvikwa kitambaa na kutiwa springi. Kochi nalo tumelipata kwa Waingereza, waliolitwaa kwa Wafaransa, na maana yake ya asili ni ya kulala wala si ya kukaa. Maneno haya mawili yamekaa pamoja katika lugha yetu kwa salama, nami sina haja ya kuliondoa hata moja.

Taabu ya istilahi imezuka juu ya kochi la namna moja tu, nalo ndilo linalopendwa mno siku hizi katika sebule za mijini: lile lenye vipande kadha wa kadha, ambavyo mwenye nyumba huvipanga, akavipangua na kuvipanga tena kwa namna nyingine. Mitaani huitwa kochi la L, au kochi la kona. Jina hili lahadaa, kwa kuwa lataja umbo, ilhali sifa ya kochi hilo ni kutofungwa na umbo lolote. Na fundi akikukatia makochi mawili, moja refu na moja fupi, akayakutanisha pembeni mwa chumba, amekufanyia L ya daima, kwa maana kiungo chake kimewekwa upande wa kulia, na ukihamia nyumba ambayo mlango wake uko upande huo, kochi lako halina pa kukaa.

Yafaa basi tutenge mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. La kwanza ni kugawanyika: kochi limekatwa vipande, pengine kwa sababu tu halikuweza kupita mlangoni likiwa zima. La pili ni kipimo: kila kipande kimefanywa kwa kadiri moja, hata chaweza kushika mahali pa mwenzake. Wazo hili la pili ndilo walilolikusudia wasanifu, na neno lao lenyewe, moduli, latokana na Kilatini modulus, yaani kipimo kidogo. Mmarekani Harvey Probber alikuwa akitengeneza viti vya namna hiyo katika miaka ya 1940, naye Mario Bellini wa Italia mwaka 1970 akatoa Camaleonda, kochi ambalo jina lake limeungwa kwa maneno mawili ya Kitaliano, kinyonga na wimbi. Ukilitazama kwa karibu utaona siri yake haimo katika mito yake iliyofura, bali katika waya, kulabu na pete: kikalio, egemeo na mkono ni vitu mbalimbali vinavyofungwa na kufunguliwa, hata mtu akaondoa egemeo la upande huu na kulitia upande ule pasipo kumwita fundi.

Je, tuliiteje? Wapo wasemao kochi la moduli, nao hawakukosea, kwani moduli ni neno lililokwisha kuzoewa shuleni. Lakini mnunuzi hapati humo habari yoyote ya kipimo. Kochi la kupanga lingependeza, lau kama asikiaye hangedhani ni la kukodi, kama nyumba ya kupanga. Kochi la viungo lanukia mdalasini. Rai yangu ni kwamba lililogawanyika tu liitwe kochi la vipande, na lenye vipande vya kadiri moja liitwe kochi la vipande vilinganifu, kwani ulinganifu kwetu ni kuwa sawa na kupatana kwa pamoja, na hayo yote mawili yatakiwa hapa.

Jina likiwa sahihi, humfunza mnunuzi la kuuliza. Amwambie muuzaji abadilishe kipande cha mwisho na cha kati mbele ya macho yake. Aangalie chini kama vishikizo ni vya chuma au ni misumari iliyopigwa kwa haraka. Kisha azunguke nyuma, maana hapo ndipo fundi mvivu hufunika kwa kitambaa hafifu akitumaini kwamba mgongo wa kochi utaelekea ukutani milele, ilhali kipande kilinganifu huenda kesho kikasimama katikati ya chumba. Kitambaa cha vipande vyote kitoke katika jora moja, na anayekusudia kuongeza kipande baadaye anunue ziada leo, kwa sababu rangi ya jora la pili aghalabu haiwi ile ile.

Ama upangaji wataka kwanza kukitazama chumba. Nyumba za mawe za Lamu na za Mji Mkongwe zina vyumba virefu na vyembamba, kwani upana wake ulikadiriwa kwa urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo hazivuki sana mita 2 na nusu au karibu na 3. Kona ya L humo huziba njia. Vipande vikiwekwa safu moja ukutani, kama wazee walivyoijenga baraza, chumba hupumua. Na sebule ya mraba ndiyo inayostahimili kona, mradi ibaki njia ya sentimita 90 hivi ya kupitia watu. Rangi na mito ni hiari ya mwenyewe.

Nawaomba mafundi na wenye maduka waandike katika stakabadhi jina kamili la wanachokiuza, na chini yake kipimo cha kipande kimoja kwa sentimita, ili mwenye kochi akitaka kuongeza kipande baada ya miaka mitatu ajue la kuagiza.