Koli: Historia ya Jina Lisilotosha

Mfasiri akutanapo na jina Esherikia koli katika kitabu cha tiba hulitohoa upesi, akadhani kazi imekwisha. Historia ya jina hilo yaonyesha kuwa ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka 1885, mjini Munich, daktari wa watoto Theodor Escherich alieleza bakteria aliyemkuta katika choo cha watoto wachanga, hata waliokuwa wazima. Alimpa jina la Kilatini lenye maana ya bakteria wa kawaida wa utumbo mpana. Mwaka 1919 Castellani na Chalmers waliita jenasi yake kwa jina la Escherich. Wataalamu wengi wakamhesabu kuwa mkazi wa tumbo asiyedhuru.

Ugumu ulikuwa huu: kwa darubini, koli aletaye maradhi hafarikiani na mkazi mwema. Mwaka 1945, huko Uingereza, John Bray alitumia seramu kuwapambanua, akaonyesha kwamba watoto wachanga waliokuwa wakihara walikuwa na koli wa aina moja maalumu. Mwaka 1955 Erwin Neter na wenzake walitumia kivumishi chenye maana ya "aletaye maradhi ya utumbo". Hivyo, baada ya miaka sabini, jina lilipata sifa lililoihitaji.

Nasi katika Kiswahili tutumie sifa gani? "Koli mharishaji" lingependeza kimofolojia, lakini lina kasoro. Kamusi hutenga kuhara na kuharisha; wasemaji wengi husema "mtoto anaharisha" wakiwa na maana kwamba anahara. Mharishaji ni nani basi, bakteria au mgonjwa? Afadhali "koli wa kuhara", na mwenzake aitwe "koli mkazi". Maneno haya ni mepesi, wala hayana utata.

Jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Taarifa isemayo tu kwamba "koli ameonekana katika choo cha mtoto" yaweza kumtia hofu bure mama wa mtoto mzima, au kumpelekea dawa za bakteria mtoto asiyezihitaji. Tena, jina la kijidudu lisifunike tendo la kwanza: mtoto anayehara huhatarishwa zaidi na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Mwalimu wa afya na ataje maji ya chumvichumvi na maziwa ya mama kabla hajataja koli.