Kusahau au Kusimulia: Historia Fupi ya Tiba ya Kiwewe

Katika hazina ya methali za Kiswahili zimo mbili ambazo, zikiwekwa pamoja, zaonekana kugombana. Ya kwanza yasema: Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ya pili yasema: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ya kwanza yashuhudia kwamba jambo lililokwisha tokea laweza kuendelea kuuma. Ya pili yatuasa tuliache, kwa kuwa si ugonjwa tena. Ugomvi huu ndio uliowashughulisha waganga wa nafsi kwa zaidi ya miaka 100. Nia ya makala haya ni kueleza jinsi walivyouamua, na kwa nini uamuzi wao wawahusu wanafunzi wa lugha.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kiwewe, katika matumizi ya zamani, ni kule kubabaika kwa ghafla kwa sababu ya hofu au haraka: mtu hushikwa na kiwewe, kisha kikamwachia. Siku hizi neno hili limepewa kazi nyingine, nayo ni kutaja jeraha la moyo libakialo baada ya vita, ubakaji, ajali au mateso. Basi neno lililotaja jambo la kupita sasa lataja jambo lisilopita. Mwenye kiwewe cha namna hii huota ndoto zile zile, hushtuka kwa kishindo kidogo, na hukwepa kila kinachomkumbusha. Kukwepa huku humpa nafuu ya saa moja na kumwongezea hofu ya siku nyingi, kwa kuwa hapati kamwe nafasi ya kujua kwamba ung'ongo si nyoka.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyowalazimisha madaktari wa Ulaya kulitazama jambo hili. Mwaka 1915 daktari Charles Myers alichapisha katika gazeti la The Lancet habari za askari waliopungukiwa na uwezo wa kuona, kunusa na kukumbuka baada ya makombora kupasuka karibu nao. Ushauri waliopewa wagonjwa wengi wa aina hii ulikuwa ule wa methali yetu ya pili: sahau, fikiri mambo mema.

Aliyeupinga ushauri huo kwa hoja zilizopangwa vizuri alikuwa W. H. R. Rivers, daktari aliyekuwa pia mtafiti wa mila za watu, na ambaye mwaka 1898 alikwenda pamoja na Myers katika safari ya uchunguzi kwenye visiwa vya Torres. Wakati wa vita alitibu maofisa katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh. Desemba 1917 alisoma mbele ya madaktari wenzake hotuba juu ya madhara ya kuyazika mambo ya vita moyoni. Alieleza habari za ofisa mmoja aliyekwenda kumtafuta rafiki yake akaukuta mwili wake umevunjwa vipande vipande. Usiku na usiku aliuota mwili ule. Rivers hakumwambia asahau. Alimwonyesha kwamba hali ile ya maiti ilikuwa ushahidi kuwa rafiki yake alikufa papo hapo, bila kuteseka. Baadaye ofisa yule aliota tena, lakini safari hii alipiga magoti kando ya marehemu, akachukua vitu vyake ili awapelekee jamaa zake. Alipoamka alikuwa na huzuni, wala hakuwa na hofu.

Katika hotuba hiyo hiyo Rivers alieleza pia habari za mgonjwa aliyemshinda. Ofisa mwingine alirushwa na kombora akaangukia kifudifudi juu ya maiti iliyokwisha oza. Katika kumbukumbu ile hamkupatikana hata chembe ya faraja ya kushikilia, na mwisho mtu yule aliacha jeshi ili apate utulivu wa mashambani. Rivers alisema wazi kwamba kuyatafuna mambo ya kutisha mchana kutwa ni hatari kama kuyazika. Dawa ilikuwa katika namna ya kuyaendea.

Namna hiyo ilitafutwa kwa njia nyingine na wachunguzi wa tabia. Mwaka 1924 Mary Cover Jones, huko Marekani, alitoa habari za mtoto aliyeogopa sungura: alipewa chakula akipendacho, na sungura akasogezwa karibu kidogo kidogo hata hofu ikaisha. Joseph Wolpe wa Afrika ya Kusini, aliyekuwa daktari wa jeshi katika Vita vya Pili vya Dunia, hakuridhika na tiba waliyopewa askari wenye kiwewe. Katika kitabu chake cha 1958 alifundisha kwamba mgonjwa kwanza ajizoeze kulegeza mwili, kisha aziwaze hofu zake ngazi kwa ngazi, akianza na iliyo ndogo.

Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliuingiza ugonjwa huu rasmi katika orodha yao. Mwaka 1991 Edna Foa na wenzake walilinganisha njia za kutibu wanawake 45 waliobakwa. Baadhi yao walifundishwa stadi za kustahimili, yaani kupumua kwa utaratibu, kulegeza misuli na kuyatawala mawazo. Wengine waliongozwa kusimulia tukio tena na tena na kuyakabili waliyoyakwepa. Mara baada ya tiba, waliofundishwa stadi ndio waliopata nafuu kubwa zaidi. Miezi michache baadaye, waliosimulia ndio walioelekea kuwa mbele. Kwa hiyo stadi ni kama fimbo ya kumsaidia mgonjwa asimame, na masimulizi ni ile safari yenyewe.

Safari hii ilifika Afrika ya Mashariki. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafunza wakimbizi kwa muda wa wiki 6 wapate kuwa washauri, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Wagonjwa walikuwa 277, Wanyarwanda na Wasomali, waliogawanywa kwa kura. Kundi moja lilisimulia maisha yote tangu kuzaliwa, jema na baya, kila tukio mahali pake. Mshauri akaandika na kuwasomea tena. Kundi la pili lilipewa ushauri wa kawaida wa kiwewe, na la tatu lilitazamwa tu. Mwishowe asilimia 70 ya kundi la kwanza hawakuonekana tena kuwa na ugonjwa, 65 ya la pili, na 37 ya la tatu. Makundi mawili ya kwanza hayakupishana sana, ila walioacha tiba katika la kwanza walikuwa asilimia 4 tu, na katika la pili 21.

Hapa mwanafunzi wa lugha atatambua jambo. Msimulizi wa Kiswahili hufungua kwa -li- na kuendelea kwa -ka-: Tulilala, mbwa wakabweka, nikaamka, nikaona moto. Kila -ka- huegemea iliyotangulia, na kwa mnyororo huo tukio hupata mwanzo na mwisho. Mwenye kiwewe aghalabu hana mnyororo. Ana vipande: moto, mlango, sauti ya mtoto, au hutumbukia katika -na-: wanakuja, wanavunja. Msimulizi hodari naye huitumia -na- ili kulihuisha tukio, lakini yeye huichagua, na huyu hutekwa nayo. Kazi ya mshauri ni kumuuliza, Ulihisi nini wakati ule? Unahisi nini sasa? mpaka nyakati mbili zilizochanganyika zitengane.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila kusema ni dawa. Uchunguzi uliokusanywa mwaka 2002 haukuona faida katika kuwahoji watu mara moja tu, punde baada ya msiba. Na mashariki ya Kongo, ambako Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotumika, tiba ya vikundi ya wanawake waliodhulumiwa, iliyotangazwa mwaka 2013, ilifaulu bila kuwataka wasimulie kisa chenyewe kwa urefu. Ilishughulikia mawazo yaliyozaliwa na kisa, kama vile kujilaumu.

Sasa twaweza kuzipatanisha methali zetu. Yaliyopita si ndwele, ni kweli, lakini sharti kwanza yapite. Kwa aliyeumwa hayakupita, na kumwambia asahau ni kumnyima dawa. Kazi moja imebaki kwetu sisi wa lugha. Mshauri akimwambia mgonjwa kwamba ana wazimu, au ana pepo, mgonjwa hufunga mdomo au hukimbia, na tiba ikafa kabla ya kuanza. Kiwewe, kukwepa, kukabili, kustahimili: maneno haya yamo katika lugha yetu na hayamtii mtu aibu. Yafaa watunga kamusi wayape maana zilizo thabiti, ili mkimbizi wa Kongo na mshauri wa Uganda wayasikie kwa maana moja.