Tarakilishi yenye mifumo miwili ikikataa kuwaka, usikimbilie kufuta diski

TARAKILISHI yenye mifumo miwili ya uendeshaji, tuseme Windows na Ubuntu, humpa mwenyewe nafasi ya kuchagua atakaoutumia kila anapoiwasha. Lakini hutokea siku orodha hiyo ya kuchagua ikatoweka. Mtambo huingia Windows moja kwa moja kana kwamba Ubuntu haikuwahi kuwamo, au skrini hubaki nyeusi ikiwa na maneno "grub rescue" pekee.

Baadhi ya mafundi wana tiba moja tu: kufuta diski yote na kuanza upya. Kwa mwanafunzi aliyehifadhi tasnifu yake humo bila nakala nyingine, tiba hiyo ni msiba. Isitoshe, mara nyingi haihitajiki, kwani kilichoharibika ni mlango wala si nyumba.

Kiini cha tatizo

Mlango huo ni programu ndogo ambayo hapa tutaiita kianzishi. Kazi yake ni kuutafuta mfumo wa uendeshaji ndani ya diski na kuukabidhi mtambo. Windows ina kianzishi chake. Mifumo mingi ya Linux, Ubuntu ikiwemo, hutumia GRUB, ambayo Erich Boleyn alianza kuiunda mnamo 1995. GRUB huweza kukiita kianzishi cha Windows, lakini kile cha Windows hakishughuliki kuitafuta Linux.

Katika mitambo ya zamani inayotumia BIOS, kianzishi huanzia mwanzoni kabisa mwa diski, katika eneo la baiti 512 tu. Anayeweka Windows baada ya Linux hukuta Windows imeandika kianzishi chake juu ya kile cha awali. Faili za Linux husalia salama, ila hazina wa kuzifungulia.

Mitambo ya kisasa hutumia UEFI. Humo, vianzishi ni faili zinazokaa katika sehemu maalumu ya diski, kila kimoja kwenye folda yake, na ubao mkuu hukumbuka kipi kitangulie. Aghalabu hakuna kilichofutwa. Ni zamu tu iliyobadilishwa. Hata hivyo, mnamo Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows lilisababisha baadhi ya vianzishi vya Linux kukataliwa. Microsoft ilitoa marekebisho Mei 2025.

Okoa kazi yako kwanza

Tumia tarakilishi nyingine kutayarisha flashi yenye Ubuntu, kisha iwashe yako kwa flashi hiyo na uchague kuijaribu Ubuntu bila kuiweka. Fungua diski na unakili nyaraka zako mahali pengine. Ikiwa Windows imefungwa kwa BitLocker, hakikisha unao ufunguo wa kuirejesha, wenye tarakimu 48, kabla ya kugusa mipangilio ya mtambo.

Kuurejesha mlango

Kwa mtambo wa UEFI, anza na njia nyepesi. Ingia katika mipangilio kwa kubonyeza F2, F10, Esc au Delete mara tu unapouwasha, kutegemea mtengenezaji, na uipe Ubuntu nafasi ya kwanza. Huenda kazi ikaishia hapo. Isipoishia, rudi kwenye flashi na utumie Boot-Repair, programu isiyolipiwa inayoweza kukirejesha kianzishi.

Kwa mtambo wa BIOS, fungua Terminal na uandike lsblk ili kuona jinsi diski ilivyogawanywa. Ikiwa Ubuntu imo katika sda2, amri ni hizi:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
sudo grub-install --boot-directory=/mnt/boot /dev/sda

Zingatia kwamba sda ya mwisho haina nambari, kwa kuwa kianzishi huwekewa diski nzima wala si sehemu yake moja.

Ubuntu ikishawaka, andika sudo update-grub ili orodha ipangwe upya. Ikiwa Windows haimo, usihofu. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iagizwe. Katika faili ya /etc/default/grub ongeza mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, uihifadhi, kisha urudie amri ile.

Ikiwa Windows ndiyo iliyogoma, tumia flashi ya kuiwekea na uchague sehemu ya kukarabati. Kwa UEFI, amri ni bcdboot C:\Windows, baada ya kuhakikisha kwamba Windows kweli imo katika C, maana herufi hizo huweza kubadilika huko. Kwa BIOS, ni bootrec /fixmbr. Hii ya pili huiondoa GRUB, kwa hivyo itangulie, nayo GRUB irejeshwe baadaye.

Palipo na mpaka

Hatua hizi hazitafaa ikiwa sehemu yenye Linux imefutwa, jambo ambalo huwapata wanaoiondoa wakiwa ndani ya Windows. Vilevile, diski isiyoonekana kabisa kwa lsblk, au inayotoa mlio wa kugonga, huenda ni mbovu. Izime mara moja.

Vinginevyo, fundi akikuambia hapana budi kufuta kila kitu, muulize swali moja kabla ya kumkabidhi mtambo: je, umekikagua kianzishi?