Dirisha Zito na Mawe ya Shinkolobwe

Kobalti inayochimbwa Kakanda, kaskazini-magharibi mwa Likasi nchini Kongo, haina mionzi ya kutisha. Lakini kobalti ya kawaida ikikaa ndani ya kinu cha nyuklia hugeuka kobalti-60, yenye mionzi ya gama inayopenya kuta, na nguvu yake hupungua nusu kila miaka 5.27. Canada ilianza kutibu saratani kwayo mwaka 1951. Ndiyo iliyokuwa ndani ya mashine ya Mulago, Kampala, iliyoharibika 2016, ikawaacha wagonjwa wa Uganda wakisubiri hadi mashine mpya ilipozinduliwa 2018.

Anayeipima kobalti hiyo na kuifungia ndani ya chuma husimama nje ya chumba cha zege, akiendesha mikono ya mitambo huku akichungulia kupitia kioo chenye unene unaoweza kukaribia mita moja. Safari ya kioo hicho ilipita jirani na Likasi.

Mwaka 1915 Robert Sharp, Mwingereza aliyefanya kazi Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, aligundua urani Shinkolobwe, karibu na Likasi. Wabelgiji waliitaka radiamu iliyomo ndani ya mawe hayo, wakaisafisha Olen, Ubelgiji, kuanzia 1922; urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo, yakakaa Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipobisha hodi 1942. Baadhi yalikuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65, wakati kwingineko hata asilimia moja ilikuwa neema.

Mradi wa Marekani wa bomu la atomiki ukazaa kazi ambayo mkono wa mtu haukuweza kuigusa. Kule Hanford, Marekani, plutoniamu ilipoanza kutenganishwa mwishoni mwa 1944, waendesha winchi walijificha nyuma ya zege na kutazama kwa periskopu, kama mabaharia wa nyambizi. Si njia nzuri ya kufanya kazi ya mikono.

Dawa ya shida hiyo ilikuwa ya zamani: kioo chenye risasi. George Ravenscroft wa London alipata hataza ya kioo chake mwaka 1674, na kwa kutia oksidi ya risasi akapata bilauri zing'aazo. Baada ya Röntgen kugundua eksirei 1895, kioo cha risasi kikaingia hospitalini. Atomu ya risasi ina elektroni 82, msongamano unaoichosha mionzi. Kioo cha dirisha la nyumbani kina uzito wa gramu 2.5 kwa sentimita ya ujazo. Kile kizito cha risasi hupita 5.

Tatizo likawa rangi. Mionzi huhamisha elektroni ndani ya kioo, nacho hugeuka kahawia hadi mtu asione kitu. Wataalamu wakatia seriamu kidogo katika tabaka lililo karibu na mionzi. Kioo kikabaki na umanjano, lakini mtu akaendelea kuona kupitia kwacho. Siku hizi maabara zinajaribu bismuthi, kwa kuwa risasi ni sumu.

Kule Shinkolobwe mashimo yalizibwa kwa zege 1960. Baadaye wachimbaji wadogo walirudi kwa mikono mitupu kutafuta kobalti, iliyo jirani na urani katika udongo uleule. Serikali iliufunga mgodi Januari 2004. Julai mwaka huohuo sehemu yake ikaporomoka na kuua watu.