Busia na Malaba: Vita ya Mashariki na Magharibi Iliyokaribia Kuwaka

Ukishuka stendi ya Busia, unatembea dakika chache tu na uko Uganda. Umezoea. Sasa tuseme hiyo laini haiko hapo. Mpaka uko mbali, huko karibu na Naivasha, na wewe msee wa Busia, Malaba, Kakamega au Kisumu ni Mganda wa mashariki. Usicheke, kuna wakati ilikuwa hivyo kabisa.

1902: Laini inahamishwa

Kabla ya 1902, hii area yote hadi Bonde la Ufa ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, ilikuwa imefika Uganda. Ndio maana iliitwa Reli ya Uganda. Mwaka uliofuata, Waingereza wakataka reli yote iwe chini ya serikali moja. Wakauhamisha mkoa mzima ukaingia upande ambao leo ni Kenya. Hakuna kura iliyopigwa. Wasamia wakabaki pande mbili. Wateso hivyo hivyo: wengine Amagoro na Malaba, wengine Tororo.

Kama laini isingehama

Hapa sasa tunawaza tu. Uganda ingekuwa na magharibi yenye Kampala na mashariki yenye Kisumu. Idi Amin anapindua serikali Januari 1971, na watu wa Busia wako ndani ya nchi yake. Mashariki ikikataa, hiyo si ugomvi wa majirani tena. Ni vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mapigano makali yangekuwa wapi? Cheki ramani: yangefuata reli na barabara, kwa sababu mafuta na silaha zinapanda kutoka Mombasa. Malaba na Busia zingekuwa katikati ya hiyo moto. Na ungetorokea wapi?

1976: Amin anadai mkoa

Hii sasa ni ya ukweli. Februari 1976, Amin alisema sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda, akirudi kwa hiyo stori ya kabla ya 1902. Kenya iliwaka. Wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda. Mzee Kenyatta akakataa kutoa hata kipande cha ardhi. Amin akarudi nyuma.

Julai mwaka huo ikawa noma zaidi. Ndege za Israeli zilizookoa mateka Entebbe zilipitia Nairobi, na Wakenya wengi waliokuwa Uganda wakauawa kwa kulipiza kisasi. Kenya ikabana mafuta ya Uganda. Agosti pande zote zikakubaliana kutulia, bila vita kamili kupiganwa.

1987: Risasi Busia

Desemba 1987, enzi za Moi na Museveni, majeshi ya pande mbili yalirushiana risasi Busia na mpaka ukafungwa. Marais hao walikutana Malaba kabla ya mwaka kuisha, wakapoza mambo. Si Nairobi, si Kampala. Malaba.

Kwa hivyo hiyo laini ni nzuri ama mbaya?

Inategemea unauliza nani. Iligawanya familia, na mpaka ukifungwa, anayeumia kwanza ni mama mboga na dere wa lori, si waziri. Lakini miaka ya Amin, Waganda wengi waliokuwa wanasakwa walivuka upande huu wakapona. Na kwa sababu Mombasa ilikuwa nchi nyingine, Amin alizuiwa kwa kukatiwa mafuta, si kwa kupigwa mabomu. Ndani ya nchi moja, hiyo breki isingekuwepo.

Leo

Watu wa hapa walijipanga mapema. Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huu, vijana wakibeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine. Mwaka 2018, Uhuru Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili karatasi za nchi zote mbili zishughulikiwe mahali pamoja. Foleni ya malori bado iko, hasa Malaba.

Ukikwama kwa hiyo foleni siku moja, kumbuka ingeweza kuwa foleni ya vifaru.