Lebo na Mamlaka: Historia ya Mkongo Mmoja kutoka Jinja hadi Mbale

Historia ya mkongo wa taifa wa Uganda huelezwa kwa kufuata nyaya: awamu ya kwanza iliunganisha Kampala, Entebbe, Bombo, Mukono na Jinja, ya pili ikafika Tororo na Mbale. Maelezo hayo hayatoshi bila kuonyesha jinsi taasisi nyingi zinavyoweza kutumia waya mmoja. Msingi wake ni kiwango cha IEEE 802.1Q cha mwaka 1998: fremu ya Itheneti hutiwa lebo ya baiti 4, ambamo biti 12 hubainisha mtandao pepe, hivyo mlango mmoja wa ruta hugawanywa kuwa violesura vidogo vingi. Fremu ambayo lebo yake hailingani na kiolesura chochote hutupwa, isipokuwa pale kilipowekwa kiolesura cha chaguo-msingi cha kuipokea. Uamuzi huo wa fundi una uzito wa kisera, kwa kuwa kiolesura hicho hupitisha hata data ambayo hakuna aliyeitolea idhini mahususi. Sheria ya mwaka 2009 iliiundia Uganda mamlaka ya NITA-U, yenye jukumu la kuratibu na kufuatilia teknolojia ya habari. Kwa hiyo mgawanyo wa lebo, pamoja na hatima ya fremu zisizo na mwenyewe, unastahili kuandikwa katika mikataba ya huduma, usiachwe katika usanidi wa ruta pekee.